Mdosi anataka stoo zote tano ziwe moja ya mashine, niko Nakuru. Tuanzie wapi?

stoo_bondeni

Habari zenu wakuu. Niko Nakuru kwa kiwanda cha chakula cha mifugo, jina niliache, na huu ni mwaka wangu wa 11 stoo, nilianza nikibeba magunia nikapanda pole pole mpaka nikapewa kalamu na funguo. Naomba mnisomee mpaka mwisho hata kama ni refu kwa sababu Jumatatu ijayo naitwa mkutano na nataka niongee kitu cha maana.

Iko hivi. Tuko na stoo tano na zimetawanyika kiwanda kizima. Ya malighafi iko chini karibu na geti ya malori, hapo ndio mahindi, pumba, soya, omena na mashudu ya alizeti na ya pamba. Premiksi (ule mchanganyiko wa vitamini na madini wa kutia kwa chakula) na vitamini ziko kwa chumba kilikuwa ofisi zamani. Magunia matupu, lebo na nyuzi ziko kwa kontena mbili nyuma. Spea ziko kando ya wakshopu, halafu bidhaa iliyo tayari iko godauni la juu lenye rampu. Kila stoo iko na kitabu chake na kila kitabu kiko na mtu wake, na mimi ndio nafaa kujumlisha zote kwa Excel kila mwisho wa mwezi. Hiyo kazi hunimaliza na bado nambari hazikubaliani.

Mdosi alisafiri nje akaona godauni la ghorofa nzima halina mtu ndani, kreni inaenda peke yake inachukua paleti inaleta mlangoni. Amerudi amewaka moto. Anataka tujenge jengo moja la mita 12 kwenda juu kwa ile ploti iko wazi, stoo zote tano ziingie humo, na mashine ifanye kazi. Sasa mimi sipingi, ukweli ni kwamba tunaumia. Mwezi uliopita beringi ya kinu cha nyundo ilikufa saa mbili asubuhi, kitabu kinasema ziko nne, kwa shelfu hakuna hata moja, ikabidi kijana atumwe Nairobi na laini ikalala mpaka jioni. Wiki tatu baadaye tukipanga wakshopu tukazipata mbili kwa mkebe wa rangi chini ya meza ya fundi. Na premiksi ilishaexpaya kwetu mara mbili kwa sababu iliyokuja juzi iliwekwa mbele ya ile ya zamani.

Maswali yangu ni je, ni kweli kuleta kila kitu mahali pamoja kutamaliza hii shida? Na hiyo kreni inaweza kufanya kazi na magunia ya kwetu? Na tatu, tuko watu 14 stoo zote, wengine nimewashika mkono mimi mwenyewe, nataka kujua wanaenda wapi. Mwenye amepitia hii maneno anisaidie tafadhali.

mama_stoo_ksm

Ndugu yangu pole na kazi, umeandika nikaona kama ni mimi. Niko Kisumu, kiwanda cha plastiki, na sisi tuliunganisha stoo nne zikawa moja miaka kadhaa iliyopita, bila kreni lakini, na raki za kawaida na forklifti. Nitakuambia vile ilienda, yenye ilitusaidia na yenye ilituumiza, na nitaanza na kuumia kwa sababu hiyo ndio watu hawaambiani.

Kabla tuunganishe, fundi wa mashine namba tatu alikuwa anatembea hatua kama ishirini anapata oringi yake (ile raba ya duara ya kuziba) anarudi. Baada ya kuunganisha ikawa lazima avuke yadi nzima, apige foleni kwa dirisha moja pamoja na watu wa pakejing na watu wa rangi, asubiri mtu asaini. Unajua alifanya nini? Alianza kuchukua tatu akihitaji moja. Mbili anaficha kwa loka. Na si mwizi, ni mtu anataka mashine yake isisimame. Ndani ya miezi michache tulikuwa na stoo moja kubwa safi yenye kitabu safi, na stoo ndogo ndogo thelathini kwa maloka zenye hakuna mtu anazijua. Huo mkebe wa rangi wako chini ya meza ni hiyo hiyo hadithi, na nakuhakikishia ukipeleka spea mbali zaidi na fundi hiyo mikebe itaongezeka.

Shida ya pili ilikuwa mlango. Stoo nne ziko na milango minne, hukuwahi kufikiria kwa sababu hakukuwa na msongamano. Stoo moja iko na mlango mmoja. Saa moja asubuhi shifti ikiingia unakuta forklifti inataka kutoka na malighafi, lori linataka kushusha, na mtu wa troli katikati. Tulikaribia kukanyaga kijana mguu. Ikabidi tutoboe mlango wa pili ukutani baada ya jengo kuisha, na kutoboa ukuta uliokwisha jengwa ni gharama na ni aibu mbele ya kontrakta.

Yenye ilitusaidia ni kwamba tuliacha kununua kitu kile kile mara mbili, na tukajua ni nini hakijasonga mwaka mzima. Kwa maloka dawa ilikuwa rahisi sana. Kila laini tuliipa kabati yake ndogo, kila kitu cha kutumika kila siku kiko na visanduku viwili, unatumia cha mbele kikiisha unavuta cha nyuma na kile kitupu unakiweka kwa shelfu ya juu, na mtu wa stoo anapita na troli saa nne na saa tisa anakusanya vitupu analeta vilivyojaa. Fundi hatembei, hasaini, haombi. Watu wa Toyota Japani ndio walieneza hii kitu, lakini hata nyanya yangu alikuwa na mitungi miwili ya maji, mmoja ukiisha mtoto anatumwa kisimani kabla ule wa pili haujaguswa nusu.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali la kwanza. Leteni rekodi mahali pamoja, hiyo haina ubishi. Mali yenyewe, chagua. Kuna yenye inafaa kukaa pamoja na kuna yenye inafaa kukaa karibu na mahali inatumika.

injinia_lanet

Nimefanya installesheni za konveya na raki hapa Bonde la Ufa kwa muda, acha nijibu la kreni. Samahani kama nitakuwa mrefu.

Hiyo teknolojia si mpya. Ujerumani walijenga godauni refu la kujiendesha la Bertelsmann kule Gütersloh mwaka wa 1962, kwa hivyo mdosi asiuziwe kama kitu cha majaribio, inafanya kazi na ilishathibitika. Lakini inafanya kazi kwa mzigo wenye umbo. Pale kreni inapopokea paleti kuna kituo cha kuipima kwanza, miale inaangalia kama kuna kitu kimetokeza pembeni au juu, kama uzito umepita, kama ubao wa chini umevunjika. Ikitokeza hata kidogo inakataliwa, inarudishwa, mtu aje aipange upya. Sasa fikiria gunia la pumba. Linalala, linavimba tumbo, linamwagika nje ya paleti. Na paleti zenu nyingi ni zile zilikuja na mzigo wa watu wengine, hii milimita 1200 kwa 1000, hiyo 1200 kwa 800, ingine fundi wa mbao alipiga tu vile aliona. Kreni itawakataa mchana kutwa.

Halafu mahindi yenu yanakuja aje? Yanakuja kwa lori, magunia yamerushwa tu ndani, vijana wanashusha na bega. Ili yaingie kwa kreni itabidi kila gunia lishushwe, lipangwe kwa paleti, lifungwe, liende mita 10 juu, halafu baada ya siku mbili lishuke, lifunguliwe, limwagwe kwa shimo la kinu. Umelibeba mara nne kitu kilifaa kubebwa mara moja. Otomesheni ya mahindi iko tayari na inaitwa silo. Lori linamwaga kwa shimo, eleveta ya ndoo inapandisha, sensa inakwambia kimo, vali inafunguka kwa mizani. Hapo ndio pesa ya malighafi ingeenda. Tu muwe wakali na unyevu mlangoni, 13.5 kwa mia ndio mwisho, kwa silo gunia moja bichi haliharibiki peke yake kama kwa rundo, linaambukiza, na aflatoksini, ile sumu ya ukungu, ikipita 10 ppb (sehemu kumi kwa bilioni) mzigo wote umekataliwa.

Kuna mambo ya Nakuru yenyewe ambayo sapulaya wa Ulaya hatakuuliza usipomwambia. Tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Mota za kawaida zimepimwa kwa mita 1,000, kupita hapo hewa ni nyepesi inapoza vibaya, kwa hivyo mota ile ile inabidi upunguze mzigo au uchukue kubwa zaidi, na jenereta ya dizeli pia inapoteza nguvu. Nimeona mtu amenunua jenereta kamili kwa makaratasi, siku ya kwanza ikashindwa kuinua mzigo. Andikeni altitudo kwa oda, mstari wa kwanza kabisa.

La pili ni ardhi. Udongo wetu ni wa volkeno, sehemu zingine za mji zinabonyea mvua ikinyesha sana. Raki ya mita 12 yenye kreni haitaki slabu, ile sakafu ya zege, ishuke hata milimita chache upande mmoja, kreni itaanza kukosa shimo. Na msisahau tuko ndani ya Bonde la Ufa, tetemeko la tarehe 6 Januari 1928 lilikuwa hapo Subukia tu na lilikuwa karibu 6.9, ndio kubwa zaidi tunalolijua kwa hii nchi. Wazee wengine walisimuliwa na wazazi wao. Injinia wa majengo apime udongo kwanza, na raki zichorwe kwa hesabu ya tetemeko, si raki ya katalogi. Mita 12 za magunia zikianguka hakuna mtu anatoka.

La mwisho ni vumbi na moto, na hapa naomba usikilize sana. Vumbi la unga linapofuka hewani na kupata cheche linalipuka, wasagaji wanajua. Vumbi hilo hilo linaziba macho ya sensa, kila saa mashine inasimama inasema kuna kizuizi na hakuna kitu. Na mashudu yenye mafuta hujipasha moto yenyewe yakirundikwa, mpaka kwa meli yanahesabiwa kama mzigo hatari. Sasa ninyi mnataka mashudu, omena, magunia ya plastiki na makatoni ya lebo yakae jengo moja refu? Raki ndefu moto ukiingia chini inakuwa kama bomba la jiko. Uingereza tarehe 5 Februari 2019 ghala la roboti la Ocado kule Andover liliwaka, chanzo kilikuwa chaja ya betri ya roboti moja, na ghala likaisha. Hao walikuwa na pesa na wataalamu. Ukiweka kila kitu mahali pamoja, moto mmoja unachukua kila kitu.

stoo_bondeni

Asanteni sana, kwa kweli nimesoma hii mara tatu na nimemsomea mke wangu pia. Mama wa Kisumu umenipiga pahali kwa hayo maloka, jana nilizunguka nikawaambia mafundi wafungue, hakuna kufokewa, tunataka tu kujua, na tukatoa mikanda sita, beringi saba, skrini mbili za kinu (zile chujio za chuma) na fyuzi sijui ngapi. Skrini tulikuwa tumeagiza wiki iliyopita!

Injinia, mambo ya mashudu kujipasha moto tumeyaona lakini hatukuyajua jina. Kuna wakati tulikuta gunia la katikati la rundo limekuwa moto mpaka huwezi weka mkono, tukadhani ni unyevu. Nitayaongea hayo Jumatatu.

Sasa kama malighafi inaenda silo, na mashudu yanakaa kivyao, ni nini kinabaki cha mashine? Mdosi hatataka kusikia "hapana" tupu. Akipewa hapana tupu atatafuta mtu wa kumwambia ndio.

injinia_lanet

Spea na premiksi. Hizo ndizo ndogo, ghali, nyingi kwa aina, na ndizo zinawasimamishia laini.

Kuna mashine ya trei, fikiria kabati refu la chuma mita sita au nane kwenda juu, ndani kuna safu mbili za trei, mbele na nyuma, na katikati lifti. Unaandika namba ya kitu, lifti inapanda inavuta trei yake inakuletea kwa dirisha la kiuno, taa inamulika pahali kitu kiko. Mtu haendi kwa kitu, kitu kinakuja kwa mtu. Modula wa Italia wanatengeneza, Kardex wa Uswisi pia, na wengine. Inakaa kwa nafasi ndogo sana ya sakafu, imefungwa kwa hivyo vumbi haliingii sana, na kwa vile kila mtu anaingia na namba yake ya siri mnajua nani alitoa nini saa ngapi. Trei inabeba kilo mia kadhaa kwa hivyo beringi na mota ndogo zinaingia, rola kubwa na shafti zinabaki chini.

Premiksi sijasema iingie kwa mashine ile ile na spea, grisi na vitamini hazikai pamoja. Lakini hiyo chumba ya premiksi muiangalie vizuri hata bila mashine, vitamini inauawa na joto, na mdosi akiipandisha mita 12 chini ya mabati ya Nakuru saa nane mchana atakuwa anaivisha premiksi yake.

Maswali ya kumuuliza sapulaya kabla hamjasaini: stima ikipotea beringi iko trei ya juu, tunaifikia aje? Fundi wa kuitengeneza anakaa Nairobi ama anatoka Dubai na ndege? Na kadi ya umeme ikiungua, ziko ngapi hapa nchini? Mnakumbuka Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Siku kama hiyo ndio kitu kinavunjika na ndio unahitaji spea.

dev_wa_kakamega

Wakubwa shikamooni, niruhusiwe kuongeza kidogo. Mimi hutengeneza programu za stoo kwa viwanda vidogo huku magharibi, Kakamega, Bungoma, Busia. Nimeona mashine nzuri ikiwekwa juu ya data mbovu na matokeo yake ni kwamba mashine inakuletea trei tupu haraka zaidi.

Bro wa Nakuru, kabla ya kitu chochote angalia majina. Nakubetia kwa Excel yako kuna "beringi 6310", kuna "bearing ya hammer kubwa", kuna "6310 2RS", na pengine kuna "beringi 50mm", na hakuna mtu anajua kama ni kitu kimoja. Tarakimu mbili za mwisho ukizidisha kwa tano unapata upana wa shimo la ndani, kwa hivyo 6310 ni milimita 50, sawa, lakini 2RS imefunikwa raba pande zote mbili, na 6310 C3 iko na nafasi kubwa kidogo ndani kwa ajili ya joto, kwa hivyo hazifai kupewa jina moja pia. Hii kazi haifanywi na kompyuta. Inafanywa na wewe na fundi mmoja mzee mmekaa chini na kila kitu mkononi, mnasoma namba iliyochongwa kwa chuma. Ni kazi ya wiki kadhaa na inachosha, lakini ndio msingi wa kila kitu kingine.

Ukimaliza kila shelfu iwe na anwani. Stoo, mstari, kimo, sanduku, kama vile nyumba ina namba. Halafu bakodi. Bidhaa zenu za kuuza pengine tayari ziko na ile inaanza na 616, hiyo ni ya Kenya ya GS1, shirika la kugawa namba za bakodi, lakini za ndani mnajitengenezea wenyewe bila kulipa mtu, printa ndogo ya stika na simu za Android zenye kamera nzuri zinatosha kuanza. Rekodi zote tano zinaishi mahali pamoja hata kama stoo ziko tano. Hiyo ndio ile mama wa Kisumu amesema.

Kitu moja nimejifunza kwa uchungu, ukihesabu hesabu pande mbili. Leo chukua mistari kumi kwa kitabu uende ukatafute kwa shelfu, halafu chukua vitu kumi kwa shelfu urudi utafute kwa kitabu. Upande wa kwanza unakuonyesha kitu kilipotea, upande wa pili unakuonyesha kitu hakijaandikwa, na watu wengi hufanya tu wa kwanza. Fanya kumi kumi kila siku asubuhi, usingoje Desemba kufunga kiwanda siku tatu. Ukiona wiki nne zimepita na karibu zote zinakubali, hapo sasa zungumza mashine na mdosi.

mtetezi_bungoma

Nimesoma na naona swali la tatu limepitwa, watu 14. Nilikuwa shopstiwadi, mwakilishi wa wafanyakazi wa chama, kwa kiwanda miaka mingi kwa hivyo naomba nilijibu hilo.

Ndugu, sheria iko na iko wazi. Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 40. Mwajiri akitaka kupunguza watu kwa sababu kazi imeisha lazima aandikie chama na afisa wa leba wa eneo si chini ya mwezi mmoja kabla, aseme sababu na ni wangapi. Kama mtu si mwanachama anaandikiwa yeye mwenyewe pamoja na afisa wa leba. Kuchagua nani anaenda kunaangalia muda mtu amekaa, ujuzi, uwezo na vile mtu anategemeka, si sura. Likizo ambayo hajaenda analipwa pesa taslimu, notisi ya mwezi au mshahara wake, na kwa kila mwaka kamili aliofanya si chini ya siku 15 za mshahara. Mtu aliyemaliza miaka kumi na moja kazini ni siku 165. Andika hiyo hesabu uende nayo kwa mkutano, kwa sababu mwenye kuuza mashine ameweka kwa makaratasi yake kwamba mtapunguza watu na hajaweka gharama ya kuwapunguza.

Lakini mimi singependa tufike huko. Nimeona mashine ikija na watu wakitupwa, na baada ya mwaka kiwanda kinatafuta mtu anayejua hiyo skrini ya kinu ilinunuliwa wapi na inakaa aje, hakuna. Hiyo elimu haikuwa kwa kitabu. Watu wako 14, hao ndio wanajua majina ambayo kijana wa Kakamega amesema yasomwe kwa chuma. Mmoja anaweza kuwa wa kuhesabu kumi kumi kila asubuhi. Mwingine wa troli ya saa nne na saa tisa. Mwingine wa kupima unyevu getini na mkono usiotetemeka mbele ya dereva anayetoa kitu kidogo. Wewe unda hizo kazi kwa karatasi, ziwe na majina ya watu, kabla mtu mwingine hajaandika orodha yake.

Na wanaobeba. Gunia la kilo 70, mgongo wa kijana wa miaka 25 unabeba mangapi mpaka afike 45? Kama silo itaondoa hiyo kazi mimi nashangilia kabisa, hiyo si kazi ya kulilia. Kulilia ni mshahara.

mama_stoo_ksm

Baba wa Bungoma umesema. Nataka tu kuongeza kwa stoo_bondeni, hao watu wako waite wewe kwanza kabla mdosi hajawaambia. Sisi tuliambiwa kwa ubao wa matangazo. Nilikuwa na msichana wa stoo ya rangi, mzuri sana, alisoma hiyo karatasi akaandika barua ya kuacha siku hiyo hiyo kwa sababu alidhani ndio yeye, na hakuwa yeye, tulikuwa tumempangia kusimamia kabati za laini. Mpaka leo naumia.

stoo_bondeni

Wakuu nimerudi. Mkutano ulikuwa Jumatatu ukaendelea mpaka Jumanne.

Jumamosi niliwaita wote 14, tukakaa kwa rampu ya godauni la juu, nikawaambia yote yenye najua na yenye sijui. Kulikuwa kimya kwanza. Halafu huyo mzee wetu wa spea, ambaye huwa haongei, akasema yeye yuko tayari kukaa na kijana wa kompyuta asome beringi moja moja, tu asiambiwe aandike kwa simu kwa sababu macho yake hayaoni maandishi madogo. Tumekubaliana yeye anasoma kwa sauti na kijana anaandika. Wameanza, wako beringi ya themanini na kitu, na wameshapata majina matatu ya kitu kimoja mara tisa.

Kwa mdosi niliingia na kile kitu mmenifundisha. Nilimwonyesha skrini mbili tuliagiza na ziko kwa loka, nikaziweka kwa meza yake, na hapo aliacha kuongea. Nikamwambia kuhusu Subukia, akasema babu yake alikuwa akiisimulia. Injinia wa kupima udongo ameitwa kwa ploti. Silo ziko kwa mpango wa mwaka ujao, mbili, kwanza ya mahindi. Mashudu yanahamishwa peke yao mbali na magunia matupu, hiyo inafanyika wiki hii na si lazima tungoje mtu. Mashine ya trei ya spea ameiuliza bei lakini amekubali haitanunuliwa mpaka nimletee hesabu ya wiki nne zenye kitabu na shelfu vinakubaliana. Kreni ya mita 12 hajaisahau, nilimuona bado anaangalia picha, lakini haiko tena kwa bajeti ya mwaka huu.

Kuhusu watu alisema hakuna anayetoka mwaka huu, na nikamwomba aandike. Aliandika, iko kwa ubao, na nilihakikisha wote wamesikia kwa mdomo wangu kabla waisome.

Mama wa Kisumu, naomba tu kitu kimoja. Hizo kabati zenu za visanduku viwili, naweza kuja na fundi mmoja tuzione? Tunatoka Nakuru na gari la alfajiri tunarudi jioni. Nataka aone kwa macho yake, nikimwelezea ananiangalia tu.

mama_stoo_ksm

Karibuni sana. Kujeni Jumatano, si Jumatatu, Jumatatu tunapokea malori na hutaona kitu. Na mje na viatu vya kazi, getini hawawaachii kuingia na ndala. Mwambie fundi akuje na orodha ya vitu ishirini anatumia zaidi kwa mashine yake, tutaketi tuhesabu kila sanduku liwe na ngapi.

dev_wa_kakamega

Na mkitoka hapo nitafuteni, Jumatano niko Kisumu. Nitawabebea printa ya stika mtumie mwezi mmoja, mkimaliza mnirudishie.